Upinde Niliouosha kwa Sabuni

Nikinusa ulimbo wa msonobari, hata dukani kwa wauza mbao, hasira hunipanda. Msinicheke. Wengine harufu ya mandazi huwakumbusha mama zao. Mimi ulimbo hunikumbusha baba yangu alivyonidanganya.

Tuliishi landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, hapa Nakuru, miaka ya hamsini, watu watano chumba kimoja. Baba alifunga na kufungua mabehewa stesheni, na Jumapili alikuwa mzee wa kanisa. Mama alimfulia nguo Memsahib mmoja wa Milimani. Binti wa Memsahib alipokwenda Uingereza aliacha fidla yake, nami nikaambiwa nikae nayo mwezi mmoja. Nikiweza kupiga wimbo mmoja tu wa kanisani, ingekuwa yangu. Nisipoweza, ingeuzwa. Nilikuwa na miaka kumi, na sijawahi kutaka kitu namna ile tena.

Nyuzi zilikuwa zimelegea, na kile kidaraja cha mbao kinachozinyanyua kilikuwa kimeanguka. Nilikisimamisha, nikakaza vigingi polepole, ulimi nje. Lakini kwanza, mtoto wa dobi mimi, nilisafisha. Nywele za upinde zilikuwa na ungaunga mweupe wa kunatanata, na Mama alikuwa na msemo wake: uchafu wa watu usivuke mlango wangu. Nikazisugua kwa sabuni ya kipande, nikazisuuza mara mbili, nikauanika upinde kando ya mashuka ya Memsahib. Baba alikuwa ameketi mlangoni akinitazama mwanzo hadi mwisho. Nilipomaliza, akafungua Biblia yake.

Ulipokauka, haukutoa sauti. Uliteleza tu juu ya nyuzi. Nilijaribu kila siku baada ya shule mpaka shingo ikachubuka, majirani wakinitania kwamba napiga pasi. Mwishowe nikamwuliza Baba kosa langu ni nini.

"Achieng', si kila mkono umepewa," alisema, akarudi kwenye Biblia yake.

Mwezi ulipokwisha, Memsahib alinisikiliza kidogo, akafunga fidla sandukuni. Nililia kutoka Milimani mpaka landhi.

Miaka minne baadaye alikuja baba mdogo kutoka Nyanza na orutu yake, lile zeze letu la uzi mmoja. Kabla ya kupiga alitoa kipande cha ulimbo, akakipaka kwenye upinde, ukabaki na ungaunga ule ule mweupe. Nikamwuliza ni cha nini.

"Bila hiki hailii. Kwani baba yako hakukuonyesha? Si yeye ndiye aliyenifundisha?"

Nikamgeukia Baba. Alikuwa akiangalia viatu vyake.

Baba alipokwisha kuzikwa, Mama alinieleza: ili abatizwe, Baba aliichoma orutu yake mbele ya wazee wa kanisa, walioiona ndugu wa pombe. Sasa naelewa. Aliogopa kusikia uzi ukilia chumbani mwake kila jioni, asije akarudi alikotoka. Namwonea huruma, kweli. Lakini hasira haijaisha, na sitajifanya imeisha. Angeniambia tu kwamba hataki. Ningelia, ningemnunia wiki moja, yangepita. Yeye alichagua kulaumu mikono ya mtoto. Na miaka minne yote ile, mwalimu aliponipa sindano ya kudarizi, au jirani aliponiita nijifunze cherehani yake, nilijibu kwa adabu kwamba siwezi, mimi sikupewa.