Siku Viti Vyangu Vilipomng'ang'ania Mchungaji

Jamani, aibu nyingine mtu huihama, lakini mimi sina pa kuhamia, karakana yangu iko papa hapa Mwakirunge, kwa hiyo afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana wao hutia chumvi (wapo wanaosema mchungaji alikimbia na kiti mpaka barabarani, uongo, aliishia kwenye tangi la maji).

Mimi ni fundi seremala. Ndiyo, mwanamke, alinifundisha marehemu baba, na mpaka leo wateja wakifika huniuliza fundi yuko wapi. Ujuzi huku kwetu si haba, yuko asukaye makuti, yuko akamuaye mafuta ya nazi, ila wanunuzi hawatufikii, na wanaume wanarauka kwenda Changamwe kusimama kwenye mageti ya viwanda, wengi wakirudi mikono mitupu. Mume wangu Karisa alikuwa mmoja wao. Basi kanisa likaandaa siku ya kuonyesha kazi za mikono, akaalikwa Bi Rukia, mama wa Likoni mwenye nyumba za wageni, aliyekuwa akitafuta viti vya mkahawa wake mpya. Nikaona hapo ndipo: nikiipata kazi ile, Karisa ataacha kurauka, tutafanya kazi pamoja nyumbani.

Asubuhi ya siku yenyewe nikavitazama viti vyangu nikaona vimefifia. Kidogo tu! Nikafungua kopo la vanishi.

"Mama Neema," Karisa akasema, "leo kuna unyevu. Hiyo haitakauka."

"Baba Neema, mambo ya vanishi niachie mimi."

Nikapaka, nikangoja, nikagusa mgongo wa kiti kimoja kwa kidole, nikaona pamekauka (pa kukalia sikugusa, msiniulize kwa nini), tukavipakia mkokotenini tukaenda.

Kufika kule uwanjani kwa kanisa, viti vya wageni havijaletwa, mchungaji anazunguka anajifuta jasho. Nami badala ya kunyamaza nikasema, "Si wakalie hivi vyangu, mchungaji? Tena wavijaribu!" Akanishukuru sana, akaketi yeye, akaketi na Bi Rukia ndani ya dera lake zuri la zambarau.

Hotuba za kwetu mnazijua. Jua likatoka, likawaka, watu wakaongea, wakashukuriana, na muda wote huo vanishi yangu ilikuwa ikikauka pamoja na wageni.

Mwisho mchungaji akasema, "Tusimame tuombe." Akainuka. Kiti nacho kikainuka. Akaketi upesi, akakohoa, akasema, "Ndugu zangu, leo tuombe tukiwa tumeketi. Mungu hutazama moyo."

Watu walifumba macho. Mimi nilitoa yangu nje. Nikakimbia jikoni kwa akina mama nikachukua chupa ya mafuta ya taa (si ndiyo huondoa rangi mikononi?), nikarudi kwa kunyata nikammiminia mchungaji kwa nyuma. Hakufika "amina." Yale mafuta yalipompenya alipiga ukelele, akatimua mbio kuelekea tangini na kiti kikimfuata, kwaya wakadhani ni Roho, wakaanza kuimba.

Karisa akamkimbilia, akashika miguu ya kiti, wanaume wengine wakamshika mchungaji, wakavuta kila mtu upande wake, mpaka suruali ikasalimu amri. Akina mama nao walimzunguka Bi Rukia kwa leso, akajivua dera ndani kwa ndani, akatoka amejifunga leso mbili za kuazima. Dera likabaki limeketi peke yake. Watoto walicheka mpaka wakalala chini.

Mimi nililia. Sikujali tena watu, nilimwaza Karisa na alfajiri ya kesho.

Bi Rukia akanijia. "Wewe ndiye uliyeviunda?"

"Ndimi, Bi. Shikamoo. Nisamehe."

"Marahaba." Akakiinua kiti kilichotoka kwa mchungaji, akakitikisa, akakigeuza miguu juu. "Mwanangu, wanaume wazima wamekivuta hiki na hakikulegea popote. Niundie vya mkahawa, inshallah. Ila uniletee vikavu, na vanishi apake mtu mwingine." Kisha akauliza, "Kwani hapakuwa na wa kukuonya?"

Nikamtazama Karisa. Alikuwa amepiga magoti, akibandua kitambaa cha suruali kutoka kitini polepole, kama hakusikia swali. Alikuwa na haki ya kusema "nilikwambia," hakusema. Hajasema mpaka leo, na sasa tunashinda pamoja karakanani, yeye akipiga msasa, mimi nikiunga. Mimi ningesema, tena kwa sauti.

Mchungaji nilimshoneshea suruali nyingine, amenisamehe, ingawa siku hizi hata wengine wakihutubu yeye husimama tu. Nami nimeapa: hakuna kiti kitakachotoka kwangu mpaka nimekikalia mwenyewe, tena na gauni langu la Jumapili.