Mboji ya Bi Mwaisha na Ganda la Korosho

Jua halijavuka mapaa ya mtaa wa Magomeni, Mtwara, na Bi Mwaisha Isihaka ameshapiga magoti mbele ya lundo lake la mboji. Anachota konzi moja, anaikamua, anafungua kiganja. Tonge linakaa. Analigusa kwa kidole gumba, linamomonyoka. Analinusa, kisha anatulia kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa.

“Linanukia vizuri,” anasema. “Hilo ndilo linalonitia hofu. Hata la mwaka jana lilinukia.”

Bi Mwaisha ni mjane wa miaka hamsini na kitu. Huotesha miche ya nyanya, bilinganya na pilipili kwenye makopo, na akina mama wa kijiji cha Mpapura huifuata mvua zinapoanza. Kopo la miche hutoka kwa kibaba cha unga wa muhogo. Unga huo ndio anaokula mpaka masika yaishe.

Samadi ya ng’ombe huku Mtwara ni ya kuulizia. Kwa hiyo anategemea mboji ya shimo lake, na hiyo moja lazima ifae kila kazi: kuoteshea mbegu, kujazia makopo, kutandaza kwenye matuta ya mchicha.

Mwaka jana, 1973, mbegu ziliota zote, zikamchekea siku chache, kisha zikainama. Mashina yalikuwa yameungua pale yalipogusa udongo. Akina mama wakaja na unga wao kichwani, wakarudi nao.

Kosa lilikuwa shimoni. Watu wa ua mzima walikuwa wakikaanga korosho na kumwaga maganda humo, pamoja na majani na majivu. Ganda la korosho lina mafuta makali. Mbanguaji yeyote atakuonyesha vidole vilivyobabuka.

“Nilijua yananibabua mimi,” anasema, akigeuza mikono yake. “Sikuwaza kwamba mzizi nao una ngozi.”

Tangu hapo alipiga marufuku maganda. Mwaka huu shimo limepokea majani makavu, maganda ya muhogo, mavi ya kuku na majivu kidogo. Limegeuzwa, limenyweshwa, limepoa. Ndani mna nyungunyungu wanene. Basi leo anachekecha apate ya kupandia, na juu ya chekecheke anabaki na kipande cheusi chenye umbo la figo. Ni ganda la korosho, limeungua nusu.

“Mama Elia,” anaita, bila kupaza sauti. “Hebu njoo unitambulishie mgeni huyu.”

Upande wa pili wa ua wa makuti anatokea jirani yake Raheli, mke wa karani wa bandarini, mwenyeji wa Njombe aliyehamia hapa baada ya marufuku ile. Anaegemea ua, mikono ina unga.

“Si ganda tu hilo, bibi?”

“Ganda tu. Limeingiaje?”

Raheli anacheka, halafu cheko linamkauka. “Juzijuzi niliwakaangia watoto korosho. Maganda nikaona nikuchangie. Kwetu kila kinachooza ni mbolea.”

“Kwenu kuna mikorosho?”

“Hakuna.”

“Basi ya kwenu yaache Njombe. Ulimwaga kiasi gani?”

“Ungo mmoja, bibi. Ule upande wa ukutani.”

Bi Mwaisha anatazama juu. Mawingu yameanza kujikusanya upande wa bara. Mbegu zake za nyanya, alizozikamua na kuzikausha mwenyewe, zimefungwa kwenye pindo la khanga, na hana nyingine. Akizitia kwenye udongo mbaya, ndiyo basi.

Kuna gunia la samadi ya mbuzi aliloletewa na Shabani, mchukuzi wa Nanyamba. Anatumbukiza mkono ndani na kuutoa haraka. Bado ya moto.

“Hii ni mbichi, itaivisha mbegu kama wali,” anasema. “Niingoje mpaka lini?”

Siku nzima anachekecha, Raheli akiokota maganda. Kisha anachukua makopo mawili. Moja analijaza mboji ya katikati ya lundo, la pili ya ukutani, na kila moja analitia punje za kunde. Kunde, anasema, hazijui kuficha maradhi.

Siku za kungoja ndizo ngumu. Anayafunika makopo, anayafunua. Asubuhi Raheli anachungulia juu ya ua.

“Bibi, watoto wameamka?”

“Bado. Na usiwaite, utawatisha.”

“Mimi ndiye ninayetishika.”

“Afadhali. Nilidhani niko peke yangu.”

Kunde zinapotoka, zinatoka kote kuwili. Bi Mwaisha hafurahi. Mwaka jana mbegu za nyanya nazo zilitoka. Anangoja majani yafunguke. Ya kopo la katikati yanafunguka mapana. Ya kopo la ukutani yanajikunja, ncha zikigeuka kahawia.

Upande wa ukutani wote unachotwa na kwenda kufukiwa mbali na bustani. Kinachobaki ni kidogo. Matuta ya mchicha yatakosa, lakini makopo yatatosha. Anafungua pindo la khanga, anaziangalia mbegu, anamkabidhi Raheli.

“Sia wewe.”

“Mimi, bibi? Na balaa nililolileta?”

“Ndiyo hasa. Zikifa, nipate wa kulia naye.”

Raheli anasia, mbegu moja moja. Bi Mwaisha anamfuata akinyunyizia maji, mpaka kopo la mwisho.

Miche haijaota bado, na Bi Mwaisha hathubutu kuihesabu. Ila lipo jambo ameshaliamua. Akina mama wa Mpapura mwaka huu wamehamia kijiji kipya, kwenye viwanja vya mchanga mtupu, na mashimo yao ya taka wameyaacha walikotoka. Wakija, hatawapa miche tu. Atawakalisha kando ya shimo, wakamue konzi, wanuse, na wajue kisichotiwa humo.

“Kila mama awe na shimo lake kijijini,” anasema, akikung’uta udongo magotini. “Mimi nimechoka kuwaogopea wote.”