Mawe ya Zahanati

Hatibu, mkulima wa migomba katika milima ya Uluguru juu ya Matombo, alikuwa msemaji kila mahali isipokuwa mbele ya mjomba wake. Mzee Stambuli ndiye aliyemkatia shamba, ndiye aliyemwozesha. Kwa Waluguru ukoo ni wa mama. Mjomba akishasema mbele za watu, mpwa huvua kofia akatazama chini. Wahenga walisema heshima si utumwa. Walisema, ndiyo, lakini Hatibu hilo lilimpita.

Mwaka 1951 watu wa kijiji chake walimtuma barazani, siku ya kugawa fedha za hazina ya wenyeji. Haja yao ilikuwa moja tu, zahanati. Kodi ya kichwa walilipa kila mwaka, sokoni walitozwa ushuru hata kwa mkungu mmoja wa ndizi, na bado mwenye uchungu wa kuzaa alibebwa kwa machela mpaka misheni, na mto uko katikati. Ili wakubwa wasipate kisingizio, walianza wenyewe kusomba mawe ya msingi. Asia, mpwa wa Hatibu, binti wa dada yake Mwanaheri, alisomba nao, na mimba yake changa.

"Mjomba," Asia alimwambia Hatibu akicheka, "ukirudi bila zahanati, nitakuja kuzalia mlangoni kwako."

Hatibu aliondoka alfajiri, akampitia Mzee Stambuli, ambaye naye alikuwa mjumbe wa baraza, wa kijiji kingine. Walitembea nusu siku nzima. Walizungumza habari za ngedere mashambani, za mbuzi aliyevunjika mguu, za bei ya kahawa. Zahanati Hatibu hakuitaja. Neno la kutumwa barazani husemwa barazani, ndivyo alivyoona.

Karani alisoma mapato, kodi na ushuru na faini za mahakama, kisha akasoma matumizi: mishahara ya watawala na matarishi, shule, barabara, wasimamizi wa matuta ya kuzuia mmomonyoko. Bajeti ile ilikuwa shuka fupi, ukifunika kichwa miguu inabaki nje. Zikasalia fedha za jambo moja tu. Wajumbe wakaulizwa wanataka nini, na kabla Hatibu hajainuka, Mzee Stambuli akasimama.

"Nyumba hii ya baraza inavuja," alisema. "Tuiezeke bati, tusiaibike mbele ya wageni."

Karani akauliza kama kuna mwenye neno jingine. Hatibu alikuwa nalo. Akavua kofia akatazama chini. Laiti angekohoa tu, mtu angemgeukia na kumuuliza. Karani akaandika bati, akafunga daftari.

Kijijini Hatibu alisema, "Wamekataa." Watu waliguna, wakaenda zao. Mawe yakabaki pale pembeni ya soko, yakaanza kuota nyasi.

Masika ilipochachamaa, uchungu ukamshika Asia. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, mkunga akanyoosha mikono. Wakamtia kwenye machela, Hatibu akashika mti wa mbele. Walipofika mtoni, maji yalikuwa yamejaa kingo kwa kingo, hapavukiki. Wakaketi kwenye tope kusubiri yapungue.

"Mjomba," Asia alisema kwa shida, "ile zahanati, uliiomba?"

"Niliiomba, mwanangu."

"Basi usihuzunike. Wewe umefanya la kwako."

Maji yalipungua saa tisa alasiri. Asia alikuwa amekwisha kufa, yeye na mtoto wake tumboni, na walioshika machela wakageuza njia kurudi walikotoka. Hatibu alilia njia nzima, hakujali nani anamwona. Matangani Mwanaheri akamshika mkono mbele ya wanawake wote. "Mdogo wangu ulitusemea," alisema. "Mungu anakuona." Hatibu alitaka kusema kweli pale pale. Hakuweza.

Siku ya kugawa fedha ilipofika tena, alikwenda barazani. Mzee Stambuli akasimama akaomba meza na viti vipya. Safari hii Hatibu alivaa kofia yake vizuri, akainuka.

"Mjomba, shikamoo, unisamehe. Sisi tunataka zahanati. Mawe tunayo tangu mwaka jana."

Mzee Stambuli akamtazama mpwa wake kwa mshangao, wala hakukasirika.

"Marahaba. Viti vingoje," alisema. "Lakini, Hatibu, mbona mwaka jana hukuniambia? Tulitembea nusu siku sote wawili. Ungeniambia njiani, bati ningelitaja mimi?"

Karani akaandika zahanati. Haikuchukua hata muda wa kuvuta kiko.

Hatibu alirudi nyumbani, akamkuta dada yake sokoni, ameinama, anang'oa nyasi zilizoota kwenye mawe. Habari zilikuwa zimemtangulia.

"Mwaka huu wamekusikia," Mwanaheri alisema, akajitahidi kutabasamu. "Asia angefurahi."

"Dada, keti."

"Kuna nini?"

"Mwaka jana hawakukataa," Hatibu alisema. "Sikuomba."

Mwanaheri akainama tena, akaendelea kung'oa nyasi, na tangu siku ile mpaka alipozikwa hakumwita Hatibu tena "mdogo wangu".