Abiria wa Kujaza Gari

Steji yetu iko Embu, mbele ya lango la chuo kikuu. Wanafunzi hutokea langoni, na akina mama wa mtaa wa mtoni hupanda kutoka chini. Magari ya Meru hujaza hapo. Watu hawapendi kuingia gari tupu, kwa hiyo makanga anayekusanya nauli huweka mtu ndani aonekane abiria. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Niliishia darasa la nane, na sipendi kuongea, na kazi ile haitaki maneno. Nilipewa begi lililojazwa magazeti, nikae dirishani kama mwanafunzi. Abiria wa mwisho akifika, makanga aligonga kioo changu, nikashuka, nikaingia gari linalofuata.

"Huyu amepanda magari mengi kuliko sisi sote," aliwaambia wenzake, "na hajafika hata Runyenjes hapo karibu!"

Nilicheka nao.

Kisha nyanya yangu, aliyenilea kule Githongo, Meru, akafariki. Mjomba alinipigia simu. "Tunazika Alhamisi. Saa sita uwe hapa. Wingu likijifunga, pasta hatangoja mtu."

Kwetu kila mtu wa nyumba hutupa udongo kidogo kaburini kwa mkono wake, kabla vijana hawajaanza kufukia. Nilitaka kutupa wangu. Nilikuwa bado sijalia. Nilifikiri huko ndiko ningelia.

Alhamisi asubuhi nililipa nauli, nikakaa dirishani na nguo zangu kwenye mfuko. Nilitazama lango la chuo bila kufikiria kitu. Gari likajaa. Mama mmoja wa mtoni akaja mbio na kuku kwapani, na makanga akagonga kioo changu.

Nikashuka.

Mama akakaa. Gari likaondoka. Nilikuwa tayari nimeshika mlango wa gari la pili.

"Wewe!" makanga akasema, mkono kichwani. "Si leo ulikuwa unasafiri?"

"Umegonga."

"Nimegonga kwa mazoea, bwana! Na wewe una nauli, mbona ushuke?"

Akaufungua mlango niliokuwa nimeushika.

"Ingia hapo. Na usishuke hata nikivunja kioo."

Gari hilo lilikuwa tupu. Wanafunzi walichungulia, wakaniona peke yangu, wakaendelea na hadithi zao. Lilichukua muda mrefu kujaa.

Nilipofika Githongo ilikuwa saa nane na nusu. Mvua ilikuwa imeshapita. Kaburi lilikuwa kichuguu cha udongo mwekundu, na maua yamepandwa juu yake. Vijana walikuwa wakiosha majembe.

"Gari liliharibika?" mjomba akauliza.

"Ndiyo."

"Magari ya Embu hayo," akasema, bila hasira. Akanichotea mukimo wa viazi na mahindi, na supu. Nilikula nimesimama karibu na hema, bado sijalia, nikamaliza sahani yote. Shangazi aliniuliza kama aniongezee, nikasema ndiyo.