Kipande cha Chuma Kutoka Kiwandani

Jumamosi, kwenye gereji moja ya mtaa wa Donholm, nilimkuta mama mmoja akimlaumu mumewe kwamba injini ya gari lao, ambalo bado ni jipya, imekufa kwa sababu habadilishi oili. Mume aliinamisha kichwa.

Fundi aliyeifungua injini akatoa kipande chembamba cha chuma. "Hiki kilibaki ndani ya injini kule kiwandani walipotoboa njia za oili. Hawakuzisafisha vizuri, kikaziba oili isipite. Mzee hana makosa."

Mama alikitazama sana. Kisha akatoa leso, akampangusa mumewe grisi shavuni. "Nimekuonea, baba watoto."

"Hata mimi nilikuwa nimeanza kukuamini," mume akajibu.

Wakaondoka kwa miguu, wameshikana mikono. Waliotengeneza injini ile hawatajua walivyokaribia kuharibu na nyumba ya watu.