Fundi wa spika na meza iliyomponza mwenzake

Saa kumi na mbili asubuhi, Kiganjo, Thika. Kabla posho mill ya jirani haijaanza kunguruma na kusaga mahindi, Selpha Khisa anapandisha spika ndogo juu ya ngazi katikati ya ua wa ploti, anaielekezea maikrofoni nyembamba, kisha anawapigia majirani kelele: "Jamani, dakika moja tu! Mtu asifungue mfereji!"

Spika inatoa mluzi unaoanza chini kama ng'ombe na kupanda hadi unakuwa mwembamba kama mbu. Kwenye kompyuta, mstari unajichora polepole.

Pembeni amesimama seremala Kagwe, aliyekuja kutoka Mwiki, Ruiru. Kiti amepewa, amekikataa. Saa nne leo, mnunuzi aitwaye Mwas anakuja kununua randa, misumeno na patasi zote za Kagwe.

Selpha huunda spika za kukaa rafuni, zile ndogo ambazo mwalimu au mfanyakazi wa kiwandani anaweza kumudu. Jozi moja huiuza shilingi elfu saba. Nyaya ni zake, masanduku ni ya Kagwe. Wameshirikiana hivyo kwa miaka sita.

"Mstari ukiwa tambarare, kila sauti inatoka kwa kimo chake," anaeleza. "Ukiona kilima, kuna sauti inayowapigia wenzake kelele. Ukiona shimo, kuna sauti imemezwa."

Shimo ndilo lililoleta balaa. Tangu Machi, kila sanduku lililotoka Mwiki lilionyesha shimo palepale zinapokaa sauti za watu. Selpha akayarudisha. Kagwe akayafungua, akaongeza gundi, akajaza sponji. Shimo lile lile. Akabadilisha mbao. Wapi!

"Nikamwambia Kagwe, 'Baba Ciku, mkono wako umeanza kuchoka,'" anasema Selpha, na sauti inamshuka. "Mzee wa watu alibeba masanduku yake akaenda."

Neno likishatoka halirudi kinywani. Kagwe alilala nalo, akaamka nalo, na mwishowe akaanza kutafuta mtu wa kununua vifaa vyake.

"Nilisema, kama grafu imeona, mimi ni nani nibishane?" anasema. "Heri nirudi Gatundu nikapalilie kahawa. Lakini iliniuma, sitadanganya."

Wiki iliyopita jirani alimletea Selpha spika ya dukani aitazame. Akaiweka mezani, pale anapopimia kila sanduku, akapima. Ngai! Shimo lile lile, mahali pale pale.

"Hapo niliketi," anasema. "Spika mbili hazijuani, hazijawahi kuonana, zitauguaje ugonjwa mmoja?"

Akaiinua spika juu ya ndoo. Shimo likahama. Kumbe sauti ilikuwa ikishuka mezani, inadunda, inafika kwa maikrofoni imechelewa kidogo na kuifuta sehemu ya ile iliyotangulia. Masanduku hayakuwa na hatia. Na meza hiyo pana, Kagwe mwenyewe ndiye aliyemchongea, zawadi ya siku Selpha alipofungua karakana hii, Machi hiyo hiyo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," anasema Selpha, akicheka bila furaha. "Mimi changu nilikuwa nakipanguza vumbi kila asubuhi."

Ndiyo maana alimpigia mzee simu jana, akamsihi aje na sanduku moja, ndilo hilo lililo juu ya ngazi, kabla Mwas hajafika. Sasa mluzi umekwisha. Anamgeuzia kompyuta. Shimo halipo.

"Baba Ciku, nilikukosea. Nisamehe."

Kagwe anavaa miwani, anainama, anautazama mstari kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha kidole chake chenye gundi kavu kinagusa upande wa besi.

"Na hiki kilima kidogo?"

Selpha angeweza kusema ni upepo, na leo nani angemlaumu?

"Hicho ni chako," anasema. "Ubao wa nyuma unatetemeka."

"Haiya! Hicho nakijua!" Mzee anaangua kicheko. "Nilitumia ubao mwembamba. Hicho nakikubali, mami. Nipe sanduku langu."

Anatoa simu. "Mwas, usije. Randa bado zina kazi."

Kabla ya mwaka kuisha, Selpha anapanga kuhamia Ruiru, mlango wa pili kutoka kwa Kagwe, ili kila sanduku lipimwe mbele ya aliyelichonga. "Mtu asihukumiwe tena akiwa hayupo," anasema.

Na meza?

"Naenda nayo. Tutainywea chai."