Filamu Niliyoitafsiri kwa Kujiamini

Heri mkisikie kisa hiki kutoka kwangu, maana Kensington nzima, mtaa wetu huku ugenini, wanacho tayari: nilijiaibisha mchana kweupe, kipaza sauti mkononi, suti mwilini.

Mnajua kanisani kwetu mkalimani ni mimi. Mhubiri akisema kwa Kiingereza nasimama ubavuni pake nayageuza kwa Kiswahili, akipaza sauti napaza, akiruka naruka (wapo wanaokuja kunisikiliza mimi tu, msiwaambie). Basi Jumamosi moja vijana wakaleta filamu ya Kifaransa, ya wanamuziki wadogo wadogo na mapenzi yao, vichekesho na machozi humo humo, ila haikuwa na maandishi ya tafsiri. Furaha, dada wa Kikongo anayetupigia kinanda, akaniuliza, "Na Kifaransa unakijua?" Nami nilikuwa na miezi minane natafuta pa kuanzia kumwambia huyo dada kwamba nampenda. Nikajibu, "Kabisa!" (Nilikisoma muhula mmoja, sekondari, Nakuru.)

Mwanzo nilitamba. Wakigombana kwenye filamu nagomba, wakicheka nacheka, Wakenya wenzangu wananipigia makofi, na mimi sifa sijawahi kuzikataa. Wakongo, wenye Kifaransa chao, walikuwa kimya, nikadhani ni heshima, kumbe wanakula uhondo. Halafu mpiga gitaa akamshika mkono msichana wa fidla, akaanza kumsihi, nami nikapandwa na mori, nikafumba macho: "Nimekupenda tangu siku ya kwanza ulipogusa kinanda, hapa Kensington, na lile gauni lako la kijani!"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mama yake Furaha akasimama kiti cha mbele, anajifuta machozi kwa kitenge.

"Papa, pumzika. Ule kijana anaomba tu bamurudishie ampli yake ya gitaa."

"Na ile ya kinanda," Furaha akauliza, "ni nani alisema?"

Kipaza sauti bado kilikuwa mdomoni. "Eish. Ni mimi."

Hakucheka. "Ungeniambia miye peke yangu, ningeitika. Sasa uliambia kanisa, basi kanisa ikujibu."

Akachukua mkoba wake akatoka, na kanisa, kwa sauti moja, likajibu, "Amina!"

Jumapili bado natafsiri, na natafsiri vizuri kuliko yeyote, hilo hamninyang'anyi. Ila nimeapa: ya moyoni mwangu sitayatia tena mdomoni mwa mtu mwingine. Iliniuma, jamani. Kumbe angekubali.